Kaswera wa Jumamosi

Kaswera wa maharagi hakuwa mtu wa maneno mengi, lakini kidole gumba chake cha kulia kilisema kutwa nzima. Ungepita nyuma ya soko kuu la Bunia, kwenye safu ya depo zenye milango ya mabati, ungemkuta amekaa juu ya gunia, simu mkononi, ameinama kama mtu anayetoa mwiba kwenye unyayo. Usidhani alikuwa anacheza. Alikuwa kazini.

Alikuwa na ukurasa wa Facebook, "Maharagi ya Kaswera", wenye picha ya basini, lile beseni la kupimia, iliyojaa maharagi ya manjano na mkono wake umezama ndani. Asubuhi aliandika aina zilizopo. Saa sita aliweka picha. Jioni aliandika kilichobaki. Kisha aliinakili habari ileile katika makundi ya wauzaji na wanunuzi, moja baada ya jingine, na hapo bado hajamjibu mtu. "Mama, uko?" Niko. "Ya manjano iko?" Iko. "Ni ya Gety kweli, ao unatudanganya?" Hilo la mwisho alilijibu kwa herufi kubwa, maana maharagi ya Gety, huko kusini, ndiyo yaliyompa jina. Wapishi wa malewa, yaani vile vibanda vya chakula vya mjini, wasimamizi wa shule za bweni, masista, mama wa nyumbani wa mtaa wa Nyakasanza, wote walimsoma. Akinyamaza siku mbili walisema amefunga, au amehama. Na katika mji uliowahi kuona watu wakihama bila kufunga hata mlango, ukimya wa mtu si jambo dogo.

Ukijumlisha yote, saa tatu nzuri za kila siku ziliingia ndani ya simu na hazikutoka tena. Wako watu wengi wanaopoteza saa tatu kwa siku na hawalii, tena wananenepa. Kaswera alilia, kwa sababu alijua saa zile ni za nani. Zilikuwa za sixième.

Mwaka 2003 alikuwa na miaka kumi na minane, yuko darasa la mwisho la sekondari, hiyo sixième yenyewe, msichana wa kwanza katika ukoo wa baba yake, mzee Paluku, kufika huko. Wazazi wake walikuwa wametoka Butembo na magunia mawili ya vitunguu wakaja kujenga maisha Bunia, na binti huyu alikuwa ndiye jengo lao refu kuliko yote. Mama yake, Madeleine, alishindwa kungoja. Mwezi wa tano, mtihani wa serikali ukiwa bado, alikwisha kununua makopo mawili ya poda nyeupe. Kwetu mtoto akipata diploma humwagiwa poda kichwani mpaka afanane na mtu aliyelala kwenye mashine ya kusaga unga, na hutembezwa mtaani hivyo hivyo kwa nyimbo. Madeleine aliyapanga makopo yake juu ya kabati, akautangazia mtaa mzima. Wiki haikuisha, vita ikaingia mjini. Walikimbia kwa miguu, mzee Paluku akafia njiani, na waliporudi hawakukuta kabati, wala poda, wala daftari.

Baadaye maisha yakashika njia, kama yanavyofanya. Kaswera aliolewa na Ephraïm, ambaye alichimba dhahabu Bambu na kurudi nyumbani mwisho wa mwezi. Alizaa, alifungua depo, biashara ikasimama. Lakini kila karatasi aliyojaza, ya kanisa, ya ushirika, ya shule ya watoto, ilikuwa na ule mstari mmoja wa masomo. "Uko na diplome, mama?" "Nilifika sixième." Jibu hilo alilitoa kwa miaka kumi na mitatu. Kufika si kutoka. Aliyeuliza alijua, na Kaswera alijua kwamba anajua, basi wote wawili waliangalia pembeni.

Mwaka mmoja kabla ya haya ninayosimulia, alijiandikisha kufanya mtihani kama autodidacte, mtu anayejisomea mwenyewe. Akapata arobaini na mbili kwa mia. Si kwamba hakuwa na akili. Kila alipofungua kitabu simu ililia, na kati ya kitabu na simu, kitabu hakina mdomo. Mwaka uliofuata alijiandikisha tena, kimya kimya, akamwambia mama yake peke yake, na akala kiapo: akianguka mara ya pili, vitabu vyote atampelekea muuza karanga wa kona ya soko afungie karanga zake. Waliomjua Kaswera walijua kwamba hakuapa kwa mzaha.

Sasa sikiliza jinsi akili ilivyomjia, maana haikumjia shuleni.

Siku moja mwezi wa pili alikwenda kwenye redio moja ya mjini kupeleka tangazo la mkutano wa akina mama wa kanisa. Barabarani kote, kila redio ya dukani ilikuwa inanguruma sauti ya mtangazaji Sébastien: wasikilizaji wapenzi hivi, wasikilizaji wapenzi vile. Kaswera alifika mlangoni, na nani amekaa kwenye kiti cha mbao, anatafuna hindi la kuchoma? Sébastien mwenyewe. Ndani ya redio bado alikuwa anasema.

"Papa Sébastien! Si weye ndiye uko unasema?"

"Ile ni miye wa asubui," alijibu, akaondoa punje kwenye jino. "Niliingiza matangazo yote mu mashine saa kumi na mbili. Miye wa asubui iko anatumika. Miye wa sasa niko ninakula."

Kaswera aliacha karatasi ya tangazo, akasahau hata kuaga. Njia nzima ya kurudi alikuwa anacheka peke yake, na watu wakampisha. Ikiwa sauti ya mtu inaweza kwenda kazini na mwenyewe akabaki na hindi lake, sembuse maandishi?

Jirani wa depo yake alikuwa Estelle, mwenye secrétariat, kile chumba cha kuchapa barua na kutoa fotokopi. Estelle alijua kompyuta kama wengine wanavyojua kusuka nywele: vidole vinakwenda, mdomo unasengenya. Kaswera alimweleza habari ya Sébastien na hindi. Estelle hakushangaa hata kidogo, na hilo ndilo lilimuudhi Kaswera.

"Kumbe hukujua? Facebook inafanyaka vile, tangu zamani. Unaandika leo, unachagua siku na saa, unabonyeza hapa. Siku ikifika, inatoka yenyewe."

"Ata kama simu yangu imezimika?"

"Ata kama weye mwenyewe umezimika, dada."

"Na miaka hii yote uko unaniangalia ninajiua na kidole?"

"Uliniuliza?"

Jumamosi asubuhi ni Salongo. Mji wote unafagia, unafukua mitaro, na soko halifunguliwi mpaka usafi uishe. Kaswera alifagia mbele ya depo yake, akafagia na mbele ya secrétariat ili Estelle asiwe na kisingizio, wakaingia ndani. Kabla soko halijafunguliwa alikuwa ameandika matangazo ishirini na moja, matatu kwa kila siku ya wiki, kuanzia Jumatatu. Jumatatu, ya manjano. Jumanne, ya madoadoa, na namna ya kuyapika yasipasuke. Aliandika kila kitu kwa utulivu, mara ya kwanza katika maisha ya ukurasa ule, bila mtu kumvuta kanga anataka basini mbili.

Jumatatu saa moja asubuhi alikuwa juu ya gunia lake na kitabu cha hesabu, anapigana na logariti, simu ikatetemeka mfukoni. Akaichungulia. Tangazo lilikuwa limetoka, zuri, na picha yake. Hakuwa amegusa kitu. Kaswera alisimama, akakaa, akasimama tena.

"Estelle! Iko inatumika! Kaswera wa Jumamosi iko anatumika!"

Jina likabaki hilo. Kaswera wa Jumamosi alikuwa mfanyakazi bora: hachelewi, haumwi, hakasiriki, hana haja ya kula. Wateja walianza kumsifu. "Mama, unaandikaka saa moja kamili kila siku, hauchokake?" Kaswera wa kweli alicheka, akarudi kwenye Mapinduzi ya Ufaransa. Maswali aliyakusanya akayajibu mara moja, saa ya chakula, basi. Mwezi wa tatu ulimkuta katikati ya kitabu cha pili. Mwezi wa nne alifanya insha ya kwanza ya mtihani na akatoka akiwa anatembea kama mtu mwenye viatu vipya. Ephraïm alirudi kutoka Bambu akamkuta anakariri majina ya mito huku anapepeta maharagi, akamwita "Madame Professeur" siku tatu mfululizo, na Kaswera hakumkataza.

Kosa lake alilifanya kwa sababu ya raha hiyo.

Gari la Gety lilikuwa linaingia Bunia kila Jumatano asubuhi, dereva wake mtu mmoja anaitwa Guelord. Lilikuwa limeingia wiki kumi bila kukosa. Kwa hiyo Kaswera wa Jumamosi aliandika, kwa ajili ya kila Jumatano saa tano, maneno yaleyale: "Gari ya Gety imeingia. Barabara ni nzuri. Maharagi mupya iko hapa." Aliyaandika kwa mwezi mzima mbele. Ndiyo, mtu wa Ituri, jimbo letu hili, aliyezaliwa katika mambo haya na kukimbia kwa miguu yake mwenyewe, aliandika amani ya mwezi mzima kwa mara moja. Tulikuwa tumeanza kuzoea, ndivyo ilivyokuwa. Bunduki zilikuwa zimenyamaza miezi kadhaa huko kusini, na binadamu akipewa utulivu kidogo anauweka kwenye kalenda.

Wiki tano kabla ya mtihani, Jumatano, gari halikuingia. Kaswera aliona, akasema moyoni labda gurudumu. Simu aliiacha kwa Estelle ichajiwe, akazama katika swali la sarufi. Saa tano tangazo likatoka peke yake, kwa wakati wake, kama kawaida.

Saa nane Honorine aliingia depo mbio, mwanamke mnene wa malewa ya karibu na parking, kile kituo cha magari na pikipiki, ambaye watu hawakuwahi kumwona akikimbia. Aprona ilikuwa bado kiunoni.

"Kaswera! Barabara ni nzuri wapi?"

"Barabara gani?"

"Ya Gety! Si weye umeandika? Saa tano, mu Facebook yako! Mama yangu alikuwa anangojea juma mbili kurudia kwake. Nilisoma maneno yako, nikamupandisha pikipiki. Sasa batu ya parking wanasema tangu asubui masasi ya bunduki iko inalia kule. Gari ya Guelord ilibakia Gety. Ulisema imeingia! Uliiona na macho?"

Kaswera aliweka kitabu chini.

"Lakini Honorine, miye ninaandikaka maharagi tu."

"Maharagi!" Honorine alipiga kofi mlango wa bati. "Nani anakusomaka juu ya maharagi? Maharagi iko soko muzima! Siye tunakusomaka juu ya barabara. Kama maharagi ya Kaswera imefika, barabara iko wazi. Kila mutu mwenye ndugu kule anajua vile. Weye peke yako ndiye haukujua?"

Hakujua. Miaka mitatu alikuwa anatangaza maharagi, na mji ulikuwa unasoma usalama. Wahenga walisema heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi. Kaswera alikuwa amejikwaa vyote viwili, maana ulimi wake ulikuwa ni hicho kidole.

Aliogopa, na sitatafuta neno jingine. Alichukua simu kwa Estelle, akaufuta ule ujumbe, akaandika mahali pake: barabara si nzuri, msiende, nimekosa. Kisha akafunga depo mchana kweupe na kwenda na Honorine parking, wakakaa kwenye benchi la waendesha pikipiki. Simu ya mama haikupatikana. Simu ya mwendesha pikipiki haikupatikana. Honorine hakumwangalia wala hakumfukuza. Kwenye simu maneno ya watu yalikuwa yanaingia, moja linasema muongo, lingine linasema mfanyabiashara ni mfanyabiashara. Kaswera aliyasoma yote, kwa sababu aliona anayastahili. Alifikiri juu ya mzee Paluku, aliyekufa kwenye njia ambayo mtu mwingine alisema ni salama.

Saa kumi na moja kasorobo, pikipiki ilijitokeza upande wa daraja, nyekundu kwa vumbi. Nyuma yake alikaa bibi mdogo, mkavu, ameshika kuku chini ya kwapa. Bibi Emérance, mama wa Honorine, alishuka bila msaada. Askari walikuwa wamewarudisha kwenye kizuizi cha kwanza tu, na walikaa huko kivulini mpaka walipochoka. Masasi hata hakuyasikia. Honorine alimkumbatia pamoja na kuku, akalia mpaka kuku akapiga kelele.

"Ni nani alisema barabara ni nzuri?" bibi aliuliza, akijikung'uta.

Watu wa parking wakamwangalia Kaswera. Akasimama.

"Ni miye, koko, bibi yangu. Nilikosa."

Bibi alimpima kutoka miguuni mpaka kichwani. "Basi unipikie. Tangu asubui sijakula."

Akampikia. Basini nzima ya manjano, jikoni mwa Honorine, na mafuta ya kutosha, huku machozi yake yanaanguka mbali na sufuria kwa adabu.

Nyumbani alimwambia Madeleine kwamba yamekwisha. Angemwachisha kazi Kaswera wa Jumamosi, arudi kwenye kidole, saa tatu kwa siku, na vitabu viende kwa muuza karanga. Mama yake alikuwa anachambua sombe, majani ya muhogo.

"Mwaka ile nilinunua poda mbele," alisema, bila kuacha kuchambua. "Wamama wa mutaa wanasema hadi leo nilileta mukosi. Miye ninasema hapana. Poda ni poda, inaweza kukaa juu ya kabati mwaka kumi, haina kosa. Kosa yangu ni kwamba nilisema siku. Nilisema, tarehe fulani mutoto wangu atapita hapa mweupe. Siku haikukuwa yangu."

Kaswera alilala na neno hilo, na Jumamosi, Salongo ilipokwisha, aliingia kwa Estelle na kiti chake mwenyewe. Walifungua matangazo yote yaliyokuwa yanangoja zamu. Kila palipoandikwa gari, alifuta. Kila palipoandikwa barabara, alifuta. Kila "imeingia", kila "imefika", alifuta. Yaliyobaki yalikuwa maharagi matupu: rangi yake, muda wa kuloweka, depo inafunguliwa saa ngapi. Hayo Kaswera wa Jumamosi angeweza kuyasema hata mwaka mzima mbele. Maharagi ya manjano hayatabadili tabia kwa sababu ya siasa.

Kisha akaandika tangazo la kueleza. Hakuficha kitu. Alisema kwamba maneno mengi ya ukurasa huu hutoka kwa mashine aliyoiandikia Jumamosi, na kwamba Jumatano mashine ilisema uongo kwa sababu yeye aliiambia iseme. "Tangu leo barabara nitaandika na mukono yangu, kila asubui, nikisha kuita Guelord. Mutaona neno MUKONO YANGU mbele. Kama haiko, hiyo ni maharagi tu, musisafiri nayo."

Watu ni watu. Wengine walicheka, wengine walitukana tena kwa kumalizia. Wa kwanza kuandika neno la maana alikuwa Honorine, ambaye tangu siku ile hakuwa amemsemesha.

"Mukono ya nani?" aliandika.

"Yangu," Kaswera alijibu.

Ikawa ndiyo desturi. Kila asubuhi simu moja kwa Guelord, mstari mmoja kwenye ukurasa: Mukono yangu, Gety wazi. Mukono yangu, Gety ngojeni. Mukono yangu, Guelord hajashika simu, sijui, na miye sisemi nisichojua. Dakika tano, basi. Kila mara Honorine aliuliza chini yake, mukono ya nani, na kila mara alijibiwa, yangu, mpaka wengine wakaanza kumsaidia Honorine kuuliza. Wale waliomwita muongo walirudi mmoja mmoja na basini zao, na ukurasa ukapata wasomaji kuliko wakati wowote. Kaswera wa Jumamosi aliendelea na maharagi yake, na Kaswera wa kweli akaendelea na logariti.

Ilibaki shida moja. Mtihani ni siku nne, mtu anaingia asubuhi na mapema, na simu haiingii naye. Nani angeandika barabara? Siku ya kuamkia mtihani Kaswera alikaa na simu mkononi. Angeweza kudanganya, kusema anasafiri. Lakini mtu aliyewahi kujikwaa hapo hapiti tena mbio. Akaandika: "Mukono yangu. Siku ine sitaandika barabara. Niko ninafanya Examen d'État. Ulizeni parking."

Hivyo siri ikatoka, mji mzima ukajua, na sasa kuanguka kwake kungekuwa kuanguka mbele ya macho elfu. Alizima simu kabla ya kuona watakachosema, akaenda kulala.

Aliingia chumba cha mtihani kati ya watoto ambao hawakuwa wameanza hata shule wakati ule alipoacha yeye. Mmoja alimwamkia akidhani ni msimamizi. Kaswera alikaa, akafungua karatasi, na swali la kwanza la hesabu lilikuwa logariti. Alitabasamu. Yeye na logariti walikuwa wameshakula chumvi nyingi pamoja.

Jioni aliwasha simu. Saa moja ya asubuhi, Kaswera wa Jumamosi alikuwa ametangaza maharagi ya madoadoa, hana habari na mtihani wa mtu. Na chini yake palikuwa na mstari usio wake: "Mukono ya Honorine. Nimefika parking mwenyewe. Nimeona gari ya Guelord na macho. Gety wazi. Musimusumbue Kaswera, iko kwenye Examen." Siku ya pili, mukono ya Honorine. Ya tatu. Ya nne. Mwanamke mwenye sufuria tano motoni kabla jua halijakaa vizuri alikuwa anatembea kila asubuhi mpaka parking kuangalia gari kwa ajili yake. Kaswera alisoma mistari ile minne na kulia vizuri, kilio cha mtu aliyesamehewa.

Matokeo yalitoka mwezi wa nane, siku ya Alhamisi, asubuhi. Unatuma namba yako kwa simu, unangoja, ujumbe unaingia. Kaswera alituma akiwa depo, akamkabidhi Estelle simu kwa sababu macho yake yalikataa. Estelle alisoma. Estelle, ambaye hashangai, akapanda juu ya gunia.

"Soixante-trois! Kaswera! Sitini na tatu kwa mia!"

Sikuambii kelele. Safu nzima ya depo ilifungua milango. Mtu alikimbia Nyakasanza kumwita Madeleine, na Madeleine hakuwa amenunua kitu mbele. Alitoka na ndara mguu mmoja, akapitia kwenye kioski, akafika analia na makopo mawili mapya, yaleyale mawili, miaka kumi na mitatu yamechelewa. La kwanza alimwaga yeye mwenyewe, polepole, kuanzia katikati ya kichwa, akitaja jina la Paluku. La pili alipokonywa na Honorine, ambaye hakuwa na upole wowote. Bibi Emérance, aliyekuja mjini wiki ile kwa barabara iliyo wazi, alipiga vigelegele. Kaswera alisimama mweupe kutoka nywele mpaka viatu, akicheka, poda inaingia mdomoni, na watu wakaanza kuimba wamtoe barabarani.

Hapo simu ikatetemeka mkononi mwa Estelle. Ilikuwa saa nne kamili. Estelle akasoma kwa sauti ya mtu anayepandisha bendera: "Maharagi ya manjano ya Kaswera hailowekwi muda murefu. Ukuje na basini yako."

Watu walicheka mpaka wengine wakashika ukuta. "Kaswera wa Jumamosi hajui kitu!" Honorine alipiga kelele. "Mwenzake amepata diplome, yeye iko mu maharagi tu!"

"Lete simu," alisema Kaswera.

Aliichukua kwa vidole vyeupe, na kioo kikajaa poda mpaka akakifuta kwa kiwiko, nacho kikachafuka zaidi. Wimbo ulitulia kumngoja. Aliandika taratibu, herufi moja moja, kwa kile kidole gumba cha kulia, maneno ambayo hakuna Jumamosi hata moja iliyokuwa na ruhusa ya kumwandikia:

"MUKONO YANGU. Leo nimetoka sixième."

Honorine, aliyekuwa amesimama karibu naye kiasi cha kugusana mabega, alitoa simu yake kwenye aprona, akaandika, akabonyeza. Simu ya Kaswera ikatetemeka: "Mukono ya nani?"

Kaswera hakuandika jibu. Aliinua mkono wote juu, mweupe mpaka kwenye kwapa, akapiga kelele iliyosikika mpaka upande wa pili wa soko:

"Yangu!"